Mzazi Aarifiwe, na Somo Liendelee

Mwaka 2017, majaji wa Mahakama ya Rufaa walipokuwa wakiamua kesi moja ya unajisi, walikusanya pamoja maneno ambayo watoto wa nchi hii wamekuwa wakiyatumia mbele ya mahakama kueleza walivyotendewa. "Alinifanyia tabia mbaya." Mwingine alisema alidungwa mwiba. Mwingine akataja "dudu". Majaji wakakubali kwamba maneno hayo yanatosha, kwa kuwa mtoto aliyetendewa unyama ana haya na hofu, na kila aliye pale anaelewa anachosema. Ulikuwa uamuzi wa haki. Lakini niliposoma maneno yale sikuweza kuendelea na kazi siku hiyo. Mtoto wa Nairobi wa miaka 10 anaweza kukutajia sehemu zote za ua na kazi ya kila moja. Mwili wake mwenyewe hana jina la kuuitia.

Nilikuwa na sababu ya kuitafuta hukumu hiyo. Muhula wa pili mwaka jana binti yangu, aliyekuwa Gredi ya 6 katika shule moja ya umma huku Eastlands, alirudi nyumbani na pakiti ya sodo na karatasi yenye picha za rangi. Tulikuwa tukiosha vyombo baada ya chakula cha jioni aliponiambia kwamba wageni walikuja darasani wakati wa kipindi cha PPI, kile cha mafunzo ya dini na maadili. Wavulana waliambiwa watoke wakacheze mpira, wasichana wakabaki. "Wametuambia mtu akitaka kutugusa tukatae, tupige kelele, tumwambie mtu mzima nyumbani." Akaendelea kusugua sufuria. "Sasa Mama, na kama huyo mtu ni wa hapo nyumbani?"

Sikuwa tayari. Nilimuuliza kwanza kama kuna mtu aliyemgusa. Akasema hapana, ni swali ambalo rafiki yake alinong'ona darasani na hakuna aliyelisikia. Halafu, badala ya kumjibu, nikamwambia tutazungumza kesho. Nimeijutia kauli hiyo tangu siku ile. Mtoto huja na swali kama hilo mara moja, na ukimwahirisha hulipeleka kwa mwingine.

Asubuhi nikapiga simu shuleni. Mwalimu wa darasa hakunificha kitu. "Mama, tukiwaambia wazazi mapema wengine watakuja kulalamika, na mwalimu mkuu hataki maneno. Ndiyo maana wageni wanakuja, wanafunza, wanaenda." Sikukasirishwa na kilichofundishwa, kwa sababu kilichofundishwa kilikuwa sahihi, ingawa kifupi. Nilichonyimwa ni siku mbili tatu za kujiandaa. Ningeambiwa Jumatatu kwamba Alhamisi watoto watafunzwa hivi na hivi, swali lile lingenikuta na jibu mdomoni.

Ndiyo hoja yangu yote. Shule ya umma imwarifu mzazi kabla ya somo la elimu ya jinsia, kwa maandishi, kwa lugha anayoisoma, imwonyeshe kila kitakachosemwa na nani atakayekisema. Kisha ifundishe. Kuarifiwa si kuombwa ruhusa. Katika mjadala huu watu wa pande zote mbili wameyachanganya mambo hayo mawili mpaka yakaonekana ni kitu kimoja. Mmoja anaficha somo kwa kuwa anaamini kila mzazi anayepewa taarifa amepewa kura ya turufu. Mwingine anadai taarifa kwa nia ya kulizima somo lenyewe. Watoto wetu wamekaa katikati wakisubiri.

Husemwa sana kwamba kuzungumza na mtoto mambo ya mwili si desturi yetu. Si kweli. Nyanya yangu mzaa mama alilelewa Mombasa, na alipovunja ungo alikabidhiwa somo, mwanamke mtu mzima aliyemfunza kuhesabu siku zake, kujisitiri, kujitunza, na kutambua mwanamume anayemtaka kwa mema na anayemtaka kwa mabaya. Mimi nilikulia Majengo, Pumwani, na pale madrasani tulifunzwa hedhi, janaba na baleghe tukiwa wadogo kabisa. Ustadhi hakuwa na budi, maana swala na saumu vinategemea mtu kujua mwili wake uko katika hali gani. Maneno yalikuwa safi, yakasemwa kwa sauti ileile iliyotufunza kutawadha. Majirani zetu Waluo walitusimulia siwindhe, nyumba ya bibi ambamo wasichana walilala na kufunzwa usiku. Wengine walikuwa na mafunzo ya jando na rika.

Ukizitazama desturi hizo zote utaona jambo ambalo pande zinazobishana leo hazilitaji. Kwa kawaida mwalimu hakuwa mzazi. Alikuwa shangazi, bibi, somo, kungwi, ustadhi, kwa sababu wazee wetu walijua kwamba mambo mengine mtoto hawezi kuyauliza mbele ya mama yake. Lakini mama alimjua mwalimu huyo. Alijua siku ya mafunzo, alijua yatakayosemwa, mara nyingi yeye ndiye aliyemwendea somo na kumwomba amchukue mwanawe. Mtu wa nje alifundisha, mzazi akiwa na habari. Kwetu vitu hivyo viwili viliishi nyumba moja kwa karne nyingi. Waliovitenganisha ni sisi.

Leo nyanya yuko ushago, shangazi yuko Dubai anatuma pesa, na somo amebaki jina tu. Katika nyumba za chumba kimoja zilizogawanywa kwa pazia, mtoto husikia yasiyomhusu kabla ya mtu yeyote kumweleza yanayomhusu. Simu inamfundisha yaliyobaki, na simu haimwarifu mzazi.

Shule je, imechukua nafasi ya somo? Kwa nusunusu. Chini ya mfumo wa 8-4-4 mwanafunzi alisoma uzazi kwa kina katika Biolojia ya Kidato cha Tatu, na mada ya jinsia, ndoa na familia katika somo la Dini ya Kikristo la Kidato cha Nne. Wakati huo wenzake wengine walikuwa wameshakuwa mama. Mtaala wa umilisi ulisogeza mambo mbele kidogo, mzunguko wa hedhi ukawekwa katika Sayansi Jumuishi ya Gredi ya 7. Ni hatua nzuri, ila msichana wa Gredi ya 7 ana miaka 12 au 13, na wengi wameshaona damu kabla ya hapo. Anafundishwa mzunguko baada ya mzunguko kuanza.

Kisha kuna stadi za maisha. Zilipoingizwa shuleni mwaka 2008 kama kipindi kisichotahiniwa, kila mwalimu anajua kilichotokea. Kipindi kisicho na mtihani ni kipindi cha kumalizia hesabu. Sekondari ya chini ilipoanza mwaka 2023, Stadi za Maisha na Elimu ya Afya yalikuwa masomo yanayojitegemea. Kikosi cha Rais cha mageuzi ya elimu, kilichoongozwa na Profesa Raphael Munavu, kikapendekeza masomo yapunguzwe kwa kuwa yalikuwa mengi mno, na katika kupunguza huko Stadi za Maisha ikaunganishwa na Mafunzo ya Jamii, Elimu ya Afya ikaunganishwa na Sayansi Jumuishi. Sipingi kupunguza mzigo. Ila somo lililounganishwa na lingine ndilo la kwanza kurukwa muhula ukiwa mfupi, na hakuna mzazi atakayejua kwamba limerukwa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba lilikuwapo.

Hapo ndipo viwango vya kinachofundishwa vinapohusika. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya APHRC yenye makao yake hapa Nairobi, pamoja na taasisi ya Guttmacher ya Marekani, zilichapisha utafiti uliofanywa katika shule 78 za sekondari za Nairobi, Mombasa na Homa Bay. Walimu 3 kati ya 4 walisema wanafundisha mada zote za elimu ya jinsia walizoulizwa. Walipoulizwa wanafunzi, ni 2 tu kati ya 100 waliosema wamefundishwa mada hizo zote. Karibu walimu 6 kati ya 10 waliokuwa wakifundisha kuhusu kondomu waliwaambia wanafunzi kwamba kondomu peke yake haizuii mimba. Mafunzo mengi yalikuwa ya kutia hofu: usifanye, utakufa, utaharibikiwa.

Pengo hilo kati ya walimu 3 kwa 4 na wanafunzi 2 kwa 100 nimelifikiria sana. Siamini kwamba walimu wote hao walidanganya. Naamini kila mmoja ana picha yake ya maana ya kufundisha mada, maana hakuna ukurasa ulioandikwa unaosema: mtoto wa gredi hii, ifikapo mwisho wa muhula, awe anaweza kueleza jambo hili kwa maneno haya. Vipande vipo, kimoja katika sayansi, kingine katika dini, kingine katika mafunzo ya jamii, lakini mzazi hawezi kuvikuta mahali pamoja. Karatasi ya taarifa kwa mzazi ingelazimisha ukurasa huo uandikwe. Huwezi kumwarifu mtu juu ya kitu ambacho hujakiamua.

Mimba za utotoni zimepungua, tusijidharau. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wasichana 18 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata mimba. Mwaka 2022 walikuwa 15. Ndani ya wastani huo kuna Samburu, ambako ni nusu nzima, na kuna Nyeri, ambako ni 5 kati ya 100. Tofauti kama hiyo haielezwi na somo la darasani pekee. Umaskini, umbali wa shule, ukeketaji na ndoa za mapema vina mkono mkubwa zaidi. Nasema hivi kwa sababu baadhi ya wanaotetea elimu hii huiuza kama dawa ya kila kitu, na mzazi akiona haikuponya anaitupa. Somo hili lina kazi yake ndogo lakini ya lazima: kumpa mtoto maneno, habari sahihi na mtu wa kumwendea.

Kwa nini basi linaogopwa hivi? Kwa sehemu ni jina. Magazeti yetu huliita elimu ya ngono, na mzazi wa Kayole akisikia hivyo anaelewa kwamba mtoto atafundishwa kufanya ngono. Ningekuwa na uwezo ningelifuta jina hilo kesho. Sehemu kubwa zaidi ni historia. Mwaka 1996, wakati ukimwi ulipokuwa ukizoa majirani zetu, Kadinali Maurice Otunga na viongozi wengine wa dini walichoma kondomu na vijitabu vya kinga katika bustani ya Uhuru Park. Miaka 3 baadaye Rais Moi akatangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa. Desemba 2013 Kenya ilijiunga na nchi nyingine za mashariki na kusini mwa Afrika kutia saini ahadi ya Cape Town, mawaziri wa elimu na afya wakiahidi kuwapa vijana elimu kamili ya jinsia. Mzazi hakuisikia ahadi hiyo kutoka kwa mwalimu mkuu wala kwa chifu. Mwaka uliofuata mswada wa afya ya uzazi wa Seneta Judith Sijeny ulipozua ghadhabu kwa madai kwamba watoto wa miaka 10 watapewa vidonge vya kuzuia mimba, wazazi wengi waliupata kwanza kwenye mimbari na redio, na walioupata huko waliupata ukiwa umeshapikwa. Novemba 2019 Nairobi ikawa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa wa idadi ya watu na maendeleo pale KICC. Maaskofu wa Kanisa Katoliki wakaupinga waziwazi, na watu wa mtaani kwetu wakaachwa wachague kati ya wageni wa hotelini na askofu wao. Wangemchagua nani?

Sisemi kwamba maaskofu na maimamu hawana haki ya kusema. Wanayo, na katika shule nyingi za umma wanayo kwa mujibu wa sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili wa shule, ambaye mara nyingi ni kanisa, nafasi ya kutoa mapendekezo juu ya mtaala na vitabu. Bodi ya shule ina viti 6 vya wazazi na 3 vya wafadhili. Tunayo nguvu katika karatasi. Ila nimehudhuria mikutano ya wazazi kwa miaka 7 na sijawahi kusikia mada hii ikiletwa. Tumejadili jembe, dawati, pesa za chakula, sare. Mwili wa mtoto anayevaa sare hiyo hatujaujadili.

Kuna wanaoniambia: ukishakubali mzazi aarifiwe, kubali pia atie saini, na asipotia saini mtoto atoke darasani. Huo ndio utaratibu wa baadhi ya majimbo ya Marekani. Hapa Nairobi nauogopa, na si kwa sababu nawadharau wazazi. Nayajua mabegi ya watoto. Barua ya shule hukaa chini kabisa, imekunjwa, ina madoa ya maharagwe. Mama anayetoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kufua nguo za watu na kurudi saa mbili usiku haioni. Baba wa mjengo haioni. Kutotia saini kwao hakutakuwa kukataa, lakini mtoto wao ndiye atakayetolewa nje, na wa mzazi mwenye nafasi ya kusoma barua na kalamu mezani ndiye atakayebaki. Ukimya wa mzazi uhesabiwe kuwa ni kukubali. Anayetaka kupinga, aje apinge.

Na ajapo asikilizwe kweli. Uingereza, tangu 2020, kila shule ya sekondari hufundisha mahusiano na jinsia, na sheria inaitaka iandike sera yake, iwashauri wazazi na kuiweka wazi. Mzazi anaweza kuomba mwanawe asihudhurie sehemu inayohusu ngono, lakini hawezi kumtoa katika masomo ya mahusiano wala ya sayansi, na mihula 3 kabla ya kutimiza miaka 16 mtoto mwenyewe anaweza kuamua kurudi. Hawajamaliza ugomvi wao, ila angalau wanagombana juu ya maandishi wanayoyaona wote. Kule Maryland nchini Marekani, wilaya ya Montgomery iliacha kuwaarifu wazazi kuhusu vitabu vya hadithi vyenye wahusika wa mapenzi ya jinsia moja. Wazazi Waislamu na Wakristo wakaenda mahakamani pamoja, na Juni 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikawapa haki ya kuarifiwa na kuwatoa watoto wao. Mtu anaweza kuisifu au kuilaumu hukumu hiyo. Mimi naitazama hatua iliyoizaa. Taarifa iliyokuwapo iliondolewa, na wazazi ambao wangekaa na mwalimu mezani wakakaa naye kortini.

Kwetu ningeuchora mstari hivi. Kuna mambo ambayo mzazi aarifiwe lakini asiweze kumtoa mtoto: majina ya viungo vya mwili, hedhi na mabadiliko ya baleghe, haki ya kukataa kuguswa, namna ya kuripoti, na sheria inavyosema. Kuhusu njia za kuzuia mimba kwa wanafunzi wakubwa, mzazi anayepinga kwa imani yake aruhusiwe kumtoa mwanawe baada ya kuonana na mwalimu ana kwa ana. Nitasikitika kila atakapofanya hivyo, maana najua mtoto huyo ataipata habari ileile chooni ikiwa imepinda. Lakini nakubali. Mzazi asiyeachiwa mlango hata mmoja atavunja ukuta, na ukuta huo ukianguka utaangukia hata somo la hedhi.

Kwa nini sehemu ile ya kwanza nisiiachie hiari ya mzazi? Kwa sababu ya swali la rafiki ya binti yangu. Na kama huyo mtu ni wa hapo nyumbani? Wengi wanaowadhuru watoto ni watu wanaowafahamu: baba wa kambo, mjomba, jirani, mwalimu wa tuisheni. Ukimpa kila mzazi uwezo wa kumzuia mtoto kujifunza kwamba ana haki ya kusema, umempa uwezo huo pia yule mmoja ambaye mtoto angesema dhidi yake. Katiba, katika Kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kulelewa na wazazi wake, na katika kifungu hichohicho inampa kinga dhidi ya dhuluma, kisha inasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Haki hizo mbili zikigongana, Katiba imeshatuambia tumtazame nani.

Jioni iliyofuata nilimjibu binti yangu. Nilimwambia: hata akiwa mtu wa nyumbani, hata akiwa mtu ninayempenda mimi, niambie. Ukiona mimi sikusikii, mwambie mwalimu. Ukiona mwalimu hakusikii, piga 116, namba ya kuwasaidia watoto, simu haina malipo. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama anaweza kumpa rafiki yake namba hiyo.

Na wavulana? Siku ile walitolewa nje kucheza mpira, na jambo hilo linaniuma karibu sawa na lile la kutoarifiwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaweka kifungo kisichopungua miaka 20 kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15, na kisichopungua miaka 15 ikiwa mtoto ni wa 16 au 17. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba mahakama za chini hazina uhuru wa kushuka chini ya viwango hivyo. Mvulana wa sekondari anayeandikiana barua na msichana wa darasa lake hajui kwamba kukubaliana kwao si kitu mbele ya sheria hiyo. Atalijua akiwa kituo cha polisi. Nimeona akina mama wakilia nje ya mahakama ya Makadara kwa watoto wa kiume waliotaka tu mtu awaambie mapema. Tumewapa wasichana sodo, na ni haki yao, maana tangu marekebisho ya 2017 sheria inaitaka Serikali iwape za kutosha na bila malipo. Wavulana tumewapa mpira.

Walimu nao nawaonea huruma. Waraka wa TSC, tume inayoajiri walimu, wa mwaka 2010 unawataka waripoti dhuluma za kingono mara moja, na mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba TSC na Serikali zinawajibika kwa mwalimu aliyewanajisi wanafunzi wake. Ilikuwa hukumu nzuri na ya lazima. Lakini mwalimu mwadilifu anayetamka neno "uume" mbele ya watoto 70 leo anajua kwamba likifika nyumbani limepinda, hana kitu cha kujitetea nacho. Barua iliyowafikia wazazi wiki moja kabla, yenye maneno yaleyale atakayoyatumia, ndiyo ngao yake. Mwalimu wa binti yangu alidhani kutuficha ndiko kujikinga. Siku mzazi mmoja atakapokuja na hasira, huyo mwalimu atasimama peke yake, na wale wageni hata majina yao hayajulikani.

Barua yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, si Kiingereza cha wizara. Iseme tarehe, itaje mwalimu, na kama kuna mgeni itaje anakotoka na nani amemkagua. Iorodheshe yatakayofundishwa, kisha iandike maswali mawili matatu ambayo mtoto huenda akayaleta nyumbani, na jinsi mzazi anavyoweza kuyajibu. Sehemu hiyo ya maswali ndiyo ningeipigania kuliko zote. Isitumwe saa nne usiku katika kundi la WhatsApp katikati ya matangazo ya harambee na video za mahubiri. Isomwe kwa sauti mkutanoni mwanzo wa muhula, kwa ajili ya wasiosoma, na vitabu viwe mezani kwa anayetaka kuvifunua.

Mkutano wetu wa wazazi ni Jumamosi. Katika ajenda iliyotumwa, ombi langu limewekwa mwisho chini ya "mengineyo", baada ya pesa za chakula, ukarabati wa vyoo na safari ya Gredi ya 9. Naijua mikutano yetu. Ikifika mengineyo, nusu ya wazazi wameshaondoka kuwahi kibarua na soko la Gikomba. Nimemwandikia katibu kumwomba aipandishe iwe ajenda ya pili. Nimeambatisha ukurasa mmoja niliouandika kwa mkono, na juu kabisa nimeweka swali la yule mtoto, bila jina lake.